Watu Wakihama Uwanja

Maduhu, mwanangu,

Shuleni walitufundisha kwamba barua huanza na salamu, ifuate hali ya nyumbani, ndipo madhumuni. Salamu nakupa, ingawa wiki hizi mbili wewe umekuwa ukinisalimia ukiwa umeshaupita mlango. Hali ya nyumbani unaijua, maana ndiyo unayoikimbia. Tunabaki na madhumuni.

Wewe na baba yako mmekwenda Mwamapalala kumuaga baba mkubwa, na mmeniacha hapa na kuku. Nitaandika mpaka mbwa wa jirani atakapowabwekea. Sitakuandikia habari za kufua soksi, wala za kula kwa wakati, wala za marafiki wabaya. Shangazi yako ameshakuambia yote hayo, pamoja na mengine aliyoyabuni papo hapo. Mimi nina jambo moja na linahusu mpira, usishangae. Nyumba hii imekula mpira kuliko ugali.

Mwalimu Mbwambo alipokuja kukuomba ukacheze kwenye timu ya chuo chao Mwanza, na masomo juu yake, nilisema hapana mbele yako, nikaingia ndani. Tangu siku hiyo sijakueleza kitu. Wewe ukajijibu mwenyewe kwamba mama ana kinyongo cha zamani na yule mwalimu. Kinyongo ninacho, sikatai, lakini siyo sababu ya hapana yangu. Kesho alfajiri unapanda basi ukidhani unaondoka bila baraka ya mama yako. Nitaiweka barua hii ndani ya njumu yako ya kushoto, kwa sababu najua njumu ndiyo kitu cha mwisho unachokagua kabla ya kulala. Isome yote leo leo. Kesho stendi kuna jambo linakusubiri na hakuna aliyekuambia.

Unajua nilikolelewa. Babu yako wa Nkololo alikuwa manju wa Wagalu, mtunzi na mwimbishaji, mtu ambaye akikohoa tu watu wanadhani wimbo umeanza. Kila kiangazi, pamba ikishauzwa, Wagalu na Wagika, vyama viwili vya ngoma vya Usukumani, waliingia uwanja mmoja, hawa upande huu, wale upande ule, wakacheza kwa wakati mmoja. Hapakuwa na jaji mwenye kalamu. Jaji ni miguu ya watu. Watazamaji wanaanza katikati, wanavutwa huku, wanavutwa kule, na jua likizama upande uliojaa ndio ulioshinda. Waliobaki na vumbi lao wanarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilimwona baba akirudi kwa njia ya nyuma mara moja tu, na siku ile hata uji aliukataa.

Kwa hiyo hilo nililinyonya na maziwa. Watu wakiwa upande wako, uko sawa. Watu wakihama, umekosea. Sikuwahi kujiuliza kama kuna mambo yasiyopimwa hivyo.

Ulikuwa mdogo, darasa la tatu au la nne, wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bariadi. Kabla yao pamba tuliuza ushirika, ukipenda usipende. Ghafla kila njia panda pana mzani, na kila mzani una mtu anayekuita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma cha kubabaisha. Ruksa ile ya biashara huria ilituletea vingi miaka ile, nguo za mitumba, redio za kaseti, sabuni za rangi zote, na hapa kwetu ikatuletea mpira pia. Mmoja wa wanunuzi wale, mwenye malori mekundu, aliamua kuivalisha timu ya Chuo. Sisi tulikiita Chuo tu, kama vile duniani hakuna kingine. Akaleta jezi, akaleta mipira ya ngozi, akawalipia ada vijana wenye miguu waje kusoma pale, na jioni akawa anakaa kwenye kiti chake pembeni mwa uwanja kama baba mkwe.

Tangu hapo Chuo hakikuwa cha wanafunzi tena. Kilikuwa chetu. Ukipeleka pamba kwa Mzee Nkwabi, mpima mizani, usingesikia bei kwanza. Ungesikia kikosi.

"Mwalimu kamweka tena Jilala benchi," Mzee Nkwabi anasema, jicho liko kwenye mzani. "Kampanga yule mtoto wa Maswa."

"Mtoto wa Maswa anatoa pasi," mwingine anajibu.

"Pasi tunakula?"

"Sasa huyo Jilala akipata mpira si anakaa nao mpaka ng'ombe warudi zizini?"

"Ndiyo utamu wenyewe huo. Kama unataka pasi kaangalie netiboli."

Tulibishana hivyo kuanzia mavuno mpaka mvua. Nani asajiliwe kutoka sekondari gani, nani kazeeka ila anaficha umri, kwa nini kipa analala mapema. Mwalimu Mbwambo angepita na baiskeli yake, tungempangia timu kwa sauti ili asikie. Alikuwa kijana wakati ule, mwembamba, filimbi shingoni hata kanisani. Alifundisha hesabu mchana na mpira jioni, na vyote viwili alivifundisha kwa sura ile ile.

Nami nilikuwa hapo na furushi la pamba kichwani, silitui mpaka niseme langu. Jilala alikuwa winga wa kushoto, miguu kama imetiwa mafuta. Nilisema Jilala ni pamba safi na yule wa Maswa ni fifi, ile chafu ya daraja la pili, na mwalimu asiyejua kuchambua arudi kwao Upareni akalime tangawizi. Watu walicheka mpaka Mzee Nkwabi akakosea kupima. Unanijua mimi watu wakicheka. Nikatunga wimbo wa tangawizi jioni ile ile, na kabla ya Jumamosi mji mzima ulikuwa nao. Hata wewe uliuimba ukichunga mbuzi.

Mwalimu alijibu mara moja tu. Alimwambia Mzee Nkwabi, naye akatuletea maneno yakiwa bado ya moto. "Jilala anacheza kufuata watu. Mkiwa kushoto yuko kushoto, mkihamia kulia winga wangu wa kushoto naye yuko kulia. Sasa nipange timu, au niwapange ninyi?"

Tulicheka sana. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Mimi nilijua ni kweli, maana nilikuwa nafanya makusudi. Nilikuwa nikiwahamisha akina mama wenzangu wa kushangilia na ngoma zetu kutoka upande mmoja kwenda wa pili katikati ya mchezo, kumjaribu tu, naye Jilala anakuja, kama ndama anavyofuata chumvi. Nilijisikia mkubwa kuliko refa.

Ikafika mechi na wale wa Shinyanga, ambayo mshindi angekwenda Tabora kwenye mashindano ya vyuo. Jilala yuko benchi tena. Watu wamejaa mpaka juu ya malori. Chuo kilikuwa kinaongoza kwa bao moja, tena bao la yule mtoto wa Maswa. Tulikuwa tunaongoza, Maduhu. Hilo watu hulisahau wanaposimulia siku ile, na mimi nimekuwa nikiwaacha walisahau. Kipindi cha pili kilipoanza na Jilala hajaingizwa, niliona giza la hasira. Nikapiga kigelegele kimoja kirefu, nikageuza mgongo, nikaanza wimbo wa tangawizi nikielekea barabarani.

Ulikuwa umeshika upindo wa kanga yangu, bila shaka unakumbuka. Wakatoka akina mama, wakatoka vijana, wakashuka waliokuwa juu ya malori, hata muuza miwa alibeba miwa yake akafuata. Nyuma yetu filimbi ilikuwa bado inalia. Nilisikia mpira ukipigwa na hakuna sauti ya mtu hata mmoja, na moyoni nikasema, leo na wewe utarudi kwa njia ya nyuma. Kwetu hakuna aibu inayozidi hiyo. Wale vijana wa Chuo walizaliwa huku huku, walijua maana yake. Wakawa wanatazama barabarani kuliko mpira. Walifungwa mawili mfululizo, wakamaliza mchezo wakiwa wameinamisha vichwa.

Mtu mmoja alibaki uwanjani, baba yako. Alisimama kwenye kona na baiskeli yake akaangalia mpaka mwisho. Alirudi nyumbani. Aliegesha baiskeli, akasema, "Yule mtoto wa Maswa kacheza vizuri leo," akaenda kufunga ng'ombe.

Wiki haikuisha. Mwenye malori mekundu alikuwa ameshasema neno kwa wakubwa wa Chuo, na Mwalimu Mbwambo akaondolewa. Pamoja na kwamba ni Mpare, na Wapare tunawatania kwa kupenda kesi, hakufungua kesi yoyote. Alipita mbele ya mzani akielekea stendi, begi mkono huu, wavu wa mipira mtupu mkono ule. Hakuna aliyemsalimia. Mimi pia nilikuwepo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponielewa vibaya. Juu ya mguu wa Jilala sikukosea. Alikuwa na mpira kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ile, na hilo nitalisema hata mkiwa mmeshanibeba kwenda kuzikwa. Kocha aliyekuja baada ya Mbwambo alikuwa msikivu, alipita mzani kila asubuhi kuuliza kikosi, nasi tukampangia. Jilala akacheza kila mechi. Nyumbani hakuna aliyetufunga msimu mzima. Mimi nikawa natembea mjini kama mama wa bwana harusi.

Msimu uliofuata Chuo kikaenda Tabora. Timu ilitangulia kwa basi, sisi mashabiki tukafuata kwa lori la pamba, na lori likakata ekseli porini. Tulikaa pale kando ya barabara tukila mahindi ya kuomba. Hatukufika. Waliokuwepo ndio walionisimulia. Wanasema Jilala alipewa mpira wa kwanza, akamchenga mmoja, akasimama. Akainua kichwa, akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu walikuwepo, lakini wa Tabora, wametulia, wanasubiri kuona. Akaporwa mpira. Akapewa wa pili, akafanya vile vile. Kocha msikivu alimtoa kabla ya mapumziko. Hakuwa ameumia, hakuwa mgonjwa. Hakuwa na mtu wa kumchezea.

Hakuna chuo kingine kilichomtaka baada ya hapo. Unamjua alipo sasa, anapakia marobota pale kiwandani. Wakimwona vijana wanamwita, "Jilala, chenga!" naye anaacha kazi, anatafuta kopo, anapiga danadana mpaka msimamizi amfokee. Anacheka. Mimi nikipita pale huzungukia upande wa pili wa ukuta, na sasa unajua kwa nini siku zote nilikuburuta njia ile ndefu.

Nimefika kwako.

Una shingo mbaya, mwanangu. Hakuna beki wa kati wa umri wako anayekufikia wilaya hii, Mzee Nkwabi anakiri, na yeye hajawahi kukiri kitu. Lakini kila ukimpokonya mtu mpira, kabla hujautoa, unageuka nusu shingo kutazama niliposimama. Watu wanasema, tazameni mtoto anavyompenda mama yake. Nami nilikuwa navimba. Tangu ukiwa unacheza na mpira wa makaratasi nilikuwa nakuimbia, na ulikuwa ukigeuka hivyo hivyo, nami nikaona ni mapenzi. Ni mapenzi kweli, lakini mshambuliaji anayejua kazi hahitaji zaidi ya nusu shingo hiyo.

Siku Mwalimu Mbwambo alipokuja nilikuwa nimekaa mkekani nachambua pamba, safi huku, fifi kule. Najua wanunuzi wa siku hizi hawaulizi tena, wanachanganya yote, wengine hata mchanga wanapima. Mikono yangu haijui kuacha. Kivuli kikasimama mbele yangu.

"Mwadila, mayu."

"Mhola," nikajibu, maana salamu hata mwizi hanyimwi. Nilimtambua kwa filimbi kabla ya uso. Amenenepa kidogo, na kichwa kimeanza kupata upara. Wewe ukafurahi, ukakimbia kumletea maji. Ulipoingia ndani tu, akachuchumaa karibu na mkeka.

"Nimemwona kijana wako wiki nzima, Mama Maduhu. Namtaka. Ana mpira, ana kichwa cha darasani. Na shingo yake nimeiona."

"Shingo imefanya nini?"

"Unajua inachofanya."

Nikaendelea kuchambua. Nilikuwa nachanganya fifi na safi na sioni.

"Nina ombi moja," akasema. "Mwaka wa kwanza usije uwanjani. Lori lisije, ngoma isije, wala usitume mtu wa kukuimbia. Kwangu karibu, mke wangu atakupokea, utamwona mwanao, utalala. Uwanjani hapana."

"Unanilipizia kwa mtoto."

"Ningekuwa nalipiza," akasema taratibu, bila hasira yoyote, "ningemwacha hapa hapa."

Hapo ndipo ulipotoka na kikombe cha maji ukanikuta nimesimama, pamba zimenijaa kwenye kanga, nikasema ile hapana. Sikuwa nakataa wewe kwenda. Nilikuwa nakataa alichosema, kwa sababu kilinikata. Mtu niliyemfukuza mjini kwa wimbo alikuwa amechuchumaa kwenye ua wangu akiniambia jambo la kweli, na anataka kumsaidia mwanangu. Afadhali angenitukana.

Habari haikulala. Kesho yake mzani wote ulikuwa unakujadili. Mwenye malori mekundu anakutaka Chuo, hapa hapa, na mashabiki wanakutaka kuliko yeye. Wamegawanyika kuhusu utacheza namba gani, lakini juu ya wewe kubaki ni kitu kimoja. Ulipokaidi, ukaanza kufunga begi na baba yako akakuunga mkono, Mzee Nkwabi alikuja nyumbani na wenzake wanne.

"Mayu, mtoto wetu hatumpi yule," alisema. "Yule tulishamshinda. Leo atuchukulie beki?"

"Maduhu ameshaamua," nikamwambia.

"Ameamua hajatuona. Hatumshiki mkono, hatumfungi kamba. Alfajiri ile tutakuwa stendi na ngoma zetu, watu wote. Tutaimba tu. Ataweza kuwapa mgongo watu wote wale?" Akanitazama. "Wewe ndiye utakayeanzisha."

Baba yako alikuwa anapiga msumari kwenye mlango wa zizi. Akasema bila kugeuka, "Ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada." Nami nilinyamaza, nao wakauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, wakaondoka wameridhika.

Niliogopa, Maduhu. Naogopa mpaka sasa hivi ninavyoandika. Nkwabi anakujua. Nami nakujua zaidi yake. Hakuna mtu atakayekuzuia pale stendi, ila watakuwepo mamia wakiimba jina lako, na wewe hujawahi kuupa mgongo umati unaokuimba. Mguu mmoja utakuwa kwenye ngazi ya basi, na shingo itageuka. Ukigeuka utaniona mimi. Na ukiniona mimi utashuka. Utabaki Bariadi, utakuwa mfalme wa uwanja wa Chuo msimu mmoja au miwili, na mimi nitakuwa nimekutengeneza kama nilivyomtengeneza yule ninayezungukia ukuta nisimwone.

Jumamosi iliyopita ulipocheza mechi yako ya mwisho ulidhani sikuja kwa hasira. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya lori lililobeba pamba kule upande wa goli, kanga usoni, nikachungulia kati ya tela na tairi. Nilitaka kujua. Kipindi cha kwanza ulinitafuta. Kila ulipogusa mpira uligeuka kwenye nafasi yangu, pale kwenye mwembe wa ngoma zetu, ukaona akina mama bila mimi, na uso wako ukaanguka. Ulipogeuka mara nyingine yule mshambuliaji mfupi akapita ubavuni mwako akafunga. Watu wakaguna. Mzee Nkwabi akapiga kelele, "Mama yake yuko wapi?" Nilikuwa nimeuma upindo wa kanga. Sauti ilikuwa imeshafika kooni. Kigelegele kimoja tu na ungekuwa sawa, tena ungecheza kama simba. Niliuma kanga ile mpaka ikalowa.

Kipindi cha pili uligeuka tena, halafu mara chache, halafu nikaacha kuona unageuka. Ikaja kona. Uliruka juu ya watu wote, ukauondoa mpira, ukatua, ukawapanga wenzako kwa mkono, ukakimbia mbele. Shingo ilikuwa imenyooka. Na ikabaki imenyooka mpaka filimbi ya mwisho.

Nilifurahi, mwanangu, na iliniuma, na sijui kipi kilitangulia. Miaka yote ile nilidhani wewe unanihitaji uwanjani. Nikamtukana Mwalimu Mbwambo pale pale nyuma ya lori, taratibu, kwa Kisukuma, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Jumatatu nikampa dereva wa basi la Mwanza ujumbe ampelekee, kwamba Mama Maduhu amekubali lile ombi. Baraka yangu unayo tangu siku hiyo, nzima, bila kona. Nimekununia wiki hii ya mwisho kwa sababu Nkwabi ana masikio kila nyumba, na kama angenusa kwamba nimebadilika angetafuta mwimbishaji mwingine.

Huko uendako kutakuwa na mzani wao, sijui wao hukaa wapi, labda kwenye kahawa, labda kwa kinyozi. Watakupanga, watakupangua, watasema usajili wako ulikuwa makosa, kisha watasema walijua tangu mwanzo. Wapende. Mimi ni mmoja wao na si watu wabaya. Wanakaa juani kwa ajili yako na hawakudai kitu. Ila jioni watakuita safi na asubuhi watakuita fifi, na wewe utakuwa yule yule aliyelala usiku mmoja katikati. Hilo sikulijua mimi, na babu yako wa Nkololo hakulijua mpaka anaingia kaburini.

Sasa kesho. Watakuwa stendi kabla yako. Ngoma mbili, labda tatu. Wataningoja nianzishe, na nitaanzisha. Usishtuke ukinisikia. Nitapiga kigelegele kimoja kirefu, kisha nitageuza mgongo, nitaimba nikielekea uwanja wa Chuo. Watanifuata. Hawajawahi kukosa kunifuata, na hawataniuliza tunakwenda wapi mpaka wafike. Watadhani tunakwenda kukuandalia shangwe ya kukupokea, wakiamini utashuka basi utufuate. Wakija kugundua kwamba nimewahamisha, basi litakuwa limeshaacha lami ya mjini. Nkwabi hatanisemesha mpaka msimu ujao wa pamba. Nitavumilia.

Maana yake ni kwamba sitakushika mkono. Sitakupungia. Dakika ile ambayo kila mama anasimama dirishani akiita jina la mwanawe, mimi nitakuwa nimekupa mgongo, natembea, naimba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuimba, na ole wao wakisikia sauti inatetemeka. Ndiyo sababu nimekuandikia. Nisingependa ukae safari nzima ukidhani mama yako alikuhama.

Utaisikia sauti yangu ikienda mbali. Usiifuate. Panda, tafuta kiti, tazama mbele.

Ukishindwa kabisa, shingo ikakataa, basi geuka mara moja utazame kwenye kona ya stendi. Baba yako atakuwa pale na baiskeli yake. Yeye hana kawaida ya kuondoka.

Mbwa anabweka. Mmerudi. Nakuja kukupakulia chakula na uso ule ule wa kununa, nivumilie mpaka kesho.

Mimi mama yako, ambaye hutamwona, ila utamsikia.